Jinsi ya kuridhika na kazi yako bila kazi kukumaliza

Ukimuuliza mtu aliyechoka na kazi ni nini hasa kinachomchosha, mara nyingi atakujibu "kila kitu". Na hapo ndo penye shida, maana "kila kitu" hakirekebishiki. Huwezi kwenda kwa bosi ukamwambia nipunguzie kila kitu, kwa hiyo mtu anabaki na mawazo mawili tu kichwani, niache au nivumilie, na wengi wanavumilia mpaka mwili unagoma, wengine wanaacha kwa hasira wanahamia sehemu nyingine halafu baada ya muda wanajikuta na manung'uniko yaleyale. Nachotaka kukuonesha hapa ni namna ya kujua kazi yako inakumaliza wapi na inakupa nguvu wapi, halafu unashughulika na kimoja kimoja. Utahitaji karatasi, kalamu, na ujasiri wa mazungumzo mawili matatu.

Kwanza elewa hili, manake bila hili mengine yote yatakuchanganya. Kuichukia kazi na kuipenda kazi ni mambo mawili tofauti, yana vyanzo tofauti. Mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu kama 200 hivi maeneo ya Pittsburgh, matokeo yakatoka 1959. Swali lilikuwa jepesi tu, tusimulie wakati uliojisikia vizuri sana kazini na wakati uliojisikia vibaya sana, ilikuwaje. Sasa waliposimulia wakati mbaya walitaja sera za kampuni, msimamizi, mshahara, mazingira ya kazi. Waliposimulia wakati mzuri hawakusema tu kinyume chake, walitaja kumaliza jambo gumu, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana, kukua. Kuna wataalamu waliopinga namna utafiti ulivyofanyika na wana hoja zao, lakini kwa mtu wa kawaida anayetaka kujielewa huo mgawanyo unasaidia sana. Unakwambia kwamba ukiondolewa kero zote utaacha kulalamika, basi, furaha haiji yenyewe. Na kinyume chake, unaweza ukawa unaipenda kazi yako kabisa na bado ikakumaliza kwa sababu kero hazijashughulikiwa. Walimu na manesi wanaijua sana hiyo hali.

Kwa hiyo una maswali mawili, sio moja. Nini kinanikera, na nini kinanipa raha. Yaandike pembeni.

Wiki mbili za kuandika

Kila siku kabla hujalala, au ukiwa njiani kurudi, andika mistari miwili. Wa kwanza: leo nini kimenichosha zaidi. Wa pili: leo nini kimenipa nguvu, hata kama ni kidogo. Usiandike insha, utaacha siku ya tatu. Lakini uwe mahsusi, hapa ndo penye kazi yenyewe. "Kikao cha asubuhi" hakikusaidii chochote. "Kikao cha asubuhi nilitoa wazo likapita kimya, dakika kumi baadae mwenzangu akalisema lilelile likakubaliwa na jina lake likaandikwa" hiyo sasa inakusaidia, maana ukiisoma tena utaona kwamba kilichokuchosha hata sio kikao, ni kutokutambuliwa, na dawa ya kutokutambuliwa ni tofauti na dawa ya vikao vingi.

Siku ambazo mstari wa pili hauna kitu, andika "hakuna". Usijilazimishe kutafuta zuri, hizo "hakuna" nazo ni taarifa. Na kama kuna kazi uliyofanya mpaka ukasahau kuangalia saa, hiyo usiiache kabisa, hata kama haimo kwenye majukumu yako rasmi. Watu wengi wanagundua hapo kwamba kinachowapa nguvu ni kile kitu wanachofanya kwa dakika ishirini tu kwa siku, kumfundisha mgeni, kupanga data zilizovurugika, kuongea na mteja mpaka akaondoka ameridhika.

Wiki mbili zikiisha kaa chini uzipange zile kero. Christina Maslach na Michael Leiter, ambao wamechunguza uchovu wa kazini kwa miaka mingi sana, wanazungumzia maeneo sita ambayo mtu na kazi yake wanaweza wasielewane: mzigo wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, watu unaofanya nao, haki, na maadili yaani kama unachokifanya kinaendana na unachokiamini. Chukua kila mstari wako uuweke kwenye moja ya hayo sita. Mara nyingi utakuta kero nyingi zimerundikana sehemu moja au mbili tu, na hapo "kila kitu" kinakuwa kimeisha, una jina la tatizo.

Nisimame kidogo kwenye uwezo wa kuamua, sababu watu wengi hawaufikirii. Wanadhani tatizo lao ni kazi nyingi. Mtafiti wa mambo ya kazi Robert Karasek alionesha mwaka 1979 kwamba kinachomuumiza mtu zaidi ni kazi inayomtaka mengi halafu yeye mwenyewe hana uamuzi, kazi nyingi peke yake haiumizi kiasi hicho. Na ukiangalia utaona kweli. Mtu anaweza kupiga kazi kutwa nzima akarudi amechoka lakini mzima, kwa sababu alipanga mwenyewe aanze na nini na afanye vipi. Mwingine amefanya saa chache ila kila hatua anaomba ruhusa, ratiba inabadilishwa bila kuulizwa, simu ikilia hajui ataambiwa nini, huyo anarudi amekwisha. Ukijikuta kwenye kundi la pili usiombe kupunguziwa kazi, omba kuachiwa kipande kimoja cha uamuzi. Kwa mfano mpangilio wa siku yako ukae mikononi mwako ila mwisho wa wiki matokeo yawe yametoka. Ombi la namna hiyo linakubaliwa kirahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu halimgharimu bosi hela.

Umechoka au umeungua?

Kabla ya kuendelea jipime hapa. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 lilieleza uchovu wa kupitiliza wa kazini, ndo huko kuungua, kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, ingawa lenyewe linauita hali inayotokana na kazi na halikuuhesabu kama ugonjwa. Dalili ni tatu na zinatokana na stresi ya kazini ya muda mrefu isiyoshughulikiwa: nguvu zimekwisha kabisa, unajitenga na kazi yako kiakili au unaiona chungu na huijali tena, na unajiona huna ufanisi kama zamani. Mtu aliyechoka tu akipata usingizi wa kutosha na siku kadhaa za kupumzika anarudi. Mwenye hizo tatu anarudi likizo na Jumatatu asubuhi anahisi kama hakwenda kokote.

Na kama hali imetoka nje ya kazi, yaani hata vitu ulivyokuwa unavipenda nyumbani havikugusi, hulali, huli, unawaza kwamba ni bora usiwepo, hapo tafadhali acha kusoma hizi mbinu za kazi nenda ukamuone daktari au mshauri, na mwambie mtu wa karibu leo hii. Sio udhaifu. Hiyo inatibika na haitibiki kwa kupanga ratiba.

Hesabu masaa yako kwa ukweli

Chukua wiki moja ya kawaida uhesabu masaa yote, pamoja na yale ya kujibu meseji usiku na ripoti ya Jumapili "kidogo tu". WHO pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio 2021, kwamba mtu anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kupata kiharusi kubwa zaidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya masaa 35 hadi 40. Wakakadiria vifo 745,000 kwa mwaka 2016 vilivyotokana na masaa marefu. Hizo sio takwimu za watu wavivu wanaotafuta kisingizio. Masaa nane kwa siku yenyewe hayakuja kama zawadi, watu waliyapigania muda mrefu mpaka yakaingia kwenye mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi mwaka 1919, kwa hiyo ukiondoka kwa wakati usiondoke kama mwizi, unatumia haki ambayo wengine waliitolea jasho.

Ukikuta umevuka, tafuta saa moja tu ya kukata kwa kuanzia. Usijiapize kwamba kuanzia kesho utaondoka saa kumi na moja kamili kila siku, hutaweza na utajichukia bure. Chagua siku mbili za wiki ambazo zina muda wa kutoka usiosogezwa, waambie watu wa kazini mapema, na kwenye muda huo uwe na kitu chenye mtu mwingine anayekusubiri, mazoezi na rafiki, mtoto wa kumchukua, darasa, kwaya. Muda mtupu wa "kupumzika" unaliwa na kazi kirahisi sana. Muda wenye mtu anayekusubiri hauliwi.

Kichwa nacho kitoke kazini

Hii ndo sehemu ambayo kwa maoni yangu inabeba uzito kuliko masaa yenyewe. Unaweza kutoka ofisini mapema na bado ukawa kazini mpaka usiku wa manane, mwili uko sebuleni, macho yanaangalia watoto, akili inajibu barua pepe ya yule mteja. Hapo hujapumzika na wala hujafanya kazi, na nyumbani wanaliona hilo kabla yako.

Kinachong'ang'ania kichwani mara nyingi ni kile ambacho hakijaisha na hakina mpango. Kuna utafiti mmoja wa Michael Scullin na wenzake, wa 2018, watu waliambiwa waandike kwa dakika tano kabla ya kulala, kundi moja waandike mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo na kundi lingine waandike waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi haraka zaidi, na kadri walivyoandika kwa undani ndivyo walivyolala upesi. Mi naona ni bora ufanye hivyo kabla hujatoka kazini kabisa. Dakika kumi za mwisho usipokee kazi mpya, chukua karatasi uandike kitu kama hiki:

Ripoti ya mwezi, nimefika ukurasa wa 6, kesho naanzia jedwali la mauzo.
Nasubiri jibu la watu wa stoo, lisipokuja mpaka saa nne nawapigia.
Mteja aliyelalamika, nimeshamjibu, leo hakuna cha kufanya tena.

Angalia huo mstari wa tatu. Huo ndo unaokuachia usingizi, kukiri kwa maandishi kwamba leo hakuna cha kufanya tena. Halafu karatasi iache kazini, isikufuate. Anayefanyia kazi nyumbani aifunge kwenye droo na kompyuta pamoja nayo, kompyuta ikibaki wazi mezani utapita na kuigusa tu, hakuna namna.

Simu nayo. Kule Ufaransa tangu Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi wao kuhusu haki ya kutojibu mawasiliano ya kazi nje ya muda. Wengi wetu hatuna sheria kama hiyo, lakini makubaliano unaweza kuyaanzisha mwenyewe bila kelele. Mwambie bosi au timu: baada ya saa moja usiku meseji za grupu nitazisoma asubuhi, kukiwa na dharura ya kweli nipigie. Neno "nipigie" ndo linalofanya kazi hapo, sababu mtu atatuma meseji kumi bila kufikiri ila kupiga simu usiku anajiuliza kwanza kama kweli ni dharura. Halafu zima sauti ya grupu la kazi, na lazima wewe pia usiwatumie wenzako meseji saa hizo, ukivunja mwenyewe mara moja makubaliano yamekufa.

Ongeza kinachokupa nguvu

Rudi kwenye ile mistari ya pili ya daftari. Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu watu wanaoichonga upya kazi yao wakiwa ndani yake, na mfano wao unaojulikana zaidi ni wafanya usafi wa hospitali. Cheo kimoja, majukumu yaleyale, lakini baadhi yao walijiona kama sehemu ya matibabu ya wagonjwa, wakapanga usafi wao uendane na shughuli za wodini, wakawa wanaongea na wagonjwa na kuwaelekeza wageni. Wengine walifanya yaliyo lazima tu, hawakuipenda kazi yenyewe na waliiona haihitaji ujuzi mkubwa. Tofauti haikuwa kwenye barua ya ajira.

Kwa hiyo jiulize mambo matatu. Kazi gani naweza kuifanya zaidi, ipi nibadilishane na mwenzangu anayeipenda? Nani nikutane nae zaidi na nani nimpunguze? Na hii kazi yangu mwisho wa siku inamfikia nani? Hilo la mwisho lifuatilie kwa miguu yako, kama unaandaa hati za malipo nenda siku moja ukamuone anayepokea zile hela, kama unatengeneza kifaa muulize anayekitumia. Kazi nyingi zinakosa ladha kwa sababu hatuoni zinapoishia.

Ila nisieleweke vibaya. Hii ya kutafuta maana isitumike kukufumba mdomo. Kama mshahara unachelewa au unadhulumiwa, jawabu ni mshahara ulipwe, na mtu akikwambia "badilisha tu mtazamo" wakati anakunyima haki yako, huyo hakutakii mema.

Mazungumzo na bosi

Usiende siku umekasirika, na usiende na orodha ya kero zote, nenda na moja yenye mifano kutoka kwenye daftari lako na pendekezo mkononi. Kama tatizo ni mzigo usimwambie "nimezidiwa", hilo halimwambii chochote, kila mtu amezidiwa. Mwambie hivi: "Mkuu, mpaka Ijumaa nina kazi tano. Kwa ubora unaoutaka naweza kumaliza tatu. Naomba uniambie zipi zitangulie." Hapo hujakataa kazi, umemrudishia uamuzi ambao ni wake. Akisema zote, uliza tena kwa upole, ikitokea moja imechelewa ungependa iwe ipi? Halafu jibu lake uliandike kwenye barua pepe fupi umtumie, "kama tulivyokubaliana leo", sio kwa ubaya, ni kumbukumbu tu.

Kama hoja yako ni kutambuliwa, usiombe sifa. Omba jina lako liwe kwenye kazi uliyoifanya, au uwe wewe wa kuiwasilisha. Kinaombeka na kinapimika.

Uliyejiajiri huna wa kumwendea, na mara nyingi wewe ndo bosi mgumu kuliko wote uliowahi kuwa nao. Andika muda wa kufungua na kufunga uuweke mahali wateja wanauona, chagua siku moja ya kutopokea oda, na mteja anayekula muda wako wote kwa malipo madogo mpandishie bei au muachane kwa heshima. Inatisha mwanzoni, najua.

Ukiona haibadiliki

Jipe miezi mitatu ya kujaribu kwa dhati. Mzigo, uamuzi, shukrani, hata watu, hivyo vinaweza kubadilika ukiwa hapohapo. Kama daftari lako limejaa kero za haki na maadili, unaombwa udanganye wateja, wanaonyonywa ni wanyonge, anayesema ukweli anaadhibiwa, hizo ni ngumu sana kuzirekebisha peke yako ukiwa chini na usijilaumu kwa kushindwa. Hapo anza kujiandaa kuondoka, kimya kimya na kwa mpango. Weka akiba kwanza, soma mkataba ujue notisi ni ya muda gani na unadai nini, maliza kazi zilizo mkononi ili uondoke na jina zuri.

Na huko unakoenda usiulizie mshahara tu, yapeleke yale maeneo sita kwenye usaili. Waulize siku ya kawaida kwenye nafasi hii inaanza na kuisha vipi. Nani anaamua nianze na kipi? Mara ya mwisho mtu wa timu hii alikosea kitu kikubwa, mlifanyaje? Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi sasa? Hilo la mwisho liulize ukiwatazama usoni, wakianza kuangaliana kabla ya kukujibu ongea na mtu aliyewahi kufanya kazi pale kabla hujasaini chochote.